Mwalimu Aliyekataa Kukaa

Marehemu dada yangu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili. Wa pili ni mimi ninayesoma hapa. Kamati ya mazishi imeniomba nisijitaje sana. Nitajitahidi, lakini nusu ya maisha yake aliitumia kunisumbua mimi, sasa nitajirukaje?

Alianza shule ya msingi mwaka 1973. Mama alikuwa akisimulia kwamba siku ile ile ya kwanza, aliporudi nyumbani, alinipanga mstarini pamoja na sufuria tatu akatuita mahudhurio, na sufuria zisizoitika zikaadhibiwa. Nilikuwa na miaka mitatu. Tangu hapo sikuwahi kumshinda kwa ubishi hata mara moja. Mwaka 1988 alihitimu chuo cha ualimu, akapangiwa darasa la tatu, chumba cha mwisho chenye dirisha lisilofunga, na humo humo akafundisha miaka thelathini na sita. Ualimu mkuu aliukataa mara mbili. Alisema ofisini hakuna wa kucheza naye.

Tarehe 6 Agosti 1991 alifunga ndoa na shemeji yangu, fundi seremala, aliyekuja shuleni kutengeneza madawati na kazi ya siku nne akaifanya wiki tatu. Walijaliwa binti mmoja, ambaye sasa ni muuguzi. Shemeji ni mtu mpole, na upole huo ulipata kazi ya kutosha humo ndani.

Mwaka 2007 nilistaafu jeshi nikarudi na mguu mmoja usiokunjika. Watoto wa mtaani wakawa wananifuata nyuma wakiigiza mwendo wangu. Mimi nikajifungia ndani. Marehemu yeye akatunga mchezo. Ndiyo, mchezo! Nikamwambia, "Dada, watu wamekufa kule vitani, wewe unawachezesha watoto?" Akanijibu, "Wameshakufanya mchezo tayari. Mimi nawapa sheria tu."

Aliuita Mwite Arudi. Mtoto mmoja anatoka nje, huyo ndiye askari mstaafu. Wengine wote wanasimama, na kila mmoja anataja jambo atakalomfanyia akirudi: kumpisha njia, kumbebea maji, kumsikiliza bila kumkatiza. Anayeuliza "uliua wangapi" amekosa, na mchezo unaanza upya. Askari akiridhika anaingia, anakalishwa kiti cha mbele, ndipo darasa linakaa. Hakai mtu kabla wa nje hajaingia. Siku moja mtoto mmoja mkaidi akagoma huko nje mpaka karibu na kengele ya mapumziko. Mwalimu mkuu akafungua mlango akakuta watoto arobaini na mmoja wima. Akauliza kulikoni. Marehemu akamwambia, "Tunamsubiri mwenzetu, mwalimu mkuu. Na wewe ukiingia, usimame." Akasimama dakika kumi na mbili, mtu mzima na mafaili yake kwapani.

Kila mwaka aliwaalika askari wastaafu wa kweli. Walikuja, wakaitwa, wakakaa, wengine wakalia mbele ya watoto na hakuna aliyewacheka. Na kila mwaka alinialika mimi. Nilikataa mara kumi na sita. Nilisema mguu unauma, nilisema mvua, na mwaka mmoja nilisema nina mgeni, kumbe mgeni mwenyewe alikuwa yeye, amekaa sebuleni kwangu. Ukweli ni kwamba tulitoka saba tukarudi wawili, na sikuona kwa nini nikaribishwe mimi.

Mwaka 2019 alianza kuvimba miguu. Daktari akasema ni moyo, apunguze kusimama. Nyumbani alikaa vizuri tu, ila darasani, hakai! Shemeji akamtengenezea kiti cha mikono, kina mto na kibao cha kuwekea miguu. Akakipokea, akashukuru sana, akakipeleka darasani kiwe kiti cha askari, yeye akaendelea kufundisha wima. Tulisema tukachoka. Mimi nilimfokea, "Sikio la kufa halisikii dawa!" Akacheka. Heri ningejing'ata ulimi.

Alilazwa tarehe 11 Mei 2024, na tarehe 2 Juni, saa nne asubuhi, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka hamsini na minane. Daktari ametuhakikishia kwamba kusimama sicho kilichomuua. Nimemsikia.

Juzi hapo msibani alinijia mwanafunzi wake mmoja, binti ambaye marehemu alimwita Chiriku kwa wingi wa maneno. Akaniuliza, "Wewe ndiye mjomba aliye nje?" Nikamwuliza, nje wapi? Akanieleza polepole, kama mtu anayemfundisha mzito wa kuelewa. Mchezo ukiisha wote walikaa isipokuwa mwalimu. Walipomwuliza kwa nini, aliwaambia, "Kaeni nyinyi. Mimi wangu bado hajaingia."

Miaka kumi na sita, ndugu zangu! Na mimi kutwa nagombana naye kuhusu miguu. Dada huyu angeniambia tu! Lakini angeniambia, ningekataa mara ya kumi na saba, na yeye alilijua hilo kuliko mimi.

Jana saa tatu asubuhi nilikwenda shuleni. Nilisimama nje ya mlango ule, darasa zima likasimama ndani. Wa kwanza akasema atanipisha njia. Chiriku akasema atanisikiliza bila kunikatiza, na wenzake wakaguna kwa kuwa hawakumwamini. Nikaingia. Kiti kinakalika vizuri, shemeji.

Marehemu ameacha mume, binti, wajukuu wawili, mdogo wake mmoja mkaidi, na watoto arobaini na watatu wa darasa la tatu, ambao mnawaona pale nyuma wamesimama na wamekataa viti mpaka nimalize kusoma.

Nimemaliza. Kaeni, wanangu.

Dada, nimeshaingia. Na wewe sasa kaa, upumzike.