Meno ya Mama Mkwe

Vifuniko elfu sita vya chupa vilitoka kiwandani vyote vina alama za meno. Mwenye chupa alikaa mbele yangu kwenye basi, pembeni ya fundi aliyechonga kalibu ya kuvitengenezea.

"Fundi, mafuta yangu yanavuja, na kesho maduka yanayataka. Nani kaving'ata?"

"Sampuli uliyoleta ndiyo iliyong'atwa, bosi. Ukasema nisibadilishe kitu."

"Ile aliifungua mama mkwe wangu kwa meno."

"Mpe hongera. Hata pengo lake limetoka safi."

Jamaa akakigeuzageuza kifuniko kimoja. "Mke wangu nitamwambia nini?"

"Mwambie mama yake tumemtoa nakala."

Basi likasimama, wakashuka bado wanabishana. Meno mawili, pengo moja, mara elfu sita.