Maisha ya Mama Nakala, na Neno Alilolipiga Chapa Nusu

Wachungaji wetu, wazee, majirani, wafanyakazi wenza wa marehemu, na nyote mliokuja kutoka mbali na karibu, poleni kwa safari na poleni kwa msiba huu, ambao ni wetu sote. Mimi ninayesoma ni mtoto wake wa tatu, mwalimu wa hesabu, na nimesimama hapa kwa agizo la marehemu mwenyewe, aliyesema kwamba kaka yangu mkubwa atalia kabla ya kufika ukurasa wa pili, dada yangu ataruka sehemu zinazouma, na kitinda mimba wetu atatia chumvi, kwa hiyo mniwie radhi nikisoma kama mtu anayesahihisha mitihani.

Marehemu mama yetu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Mama Nakala, alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 21 Oktoba 1947, katika kijiji cha ng'ambo ya mto, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi seremala na mkewe, aliyekuwa akifundisha kina mama kusoma. Najua baadhi yenu mmetazamana, kwa kuwa kitambulisho chake kinasema tarehe 1 Januari 1948, na kila mwaka mpya tulimwimbia na kumkatia keki, lakini hii niliyoisoma ndiyo tarehe ya kweli, aliitafuta mwenyewe kwa miaka kumi, na katika kuitafuta alikuta jambo jingine ambalo hakulitafuta.

Mama yake, yaani bibi yetu, alifariki tarehe 3 Juni 1958, na baba yake akamfuata mwezi Februari 1960, ndipo marehemu na kaka yake, aliyekuwa amemzidi miaka minne, wakavushwa mto na kuletwa hapa kwa shangazi yao, mwanamke aliyewapenda kana kwamba aliwazaa yeye, ila hakuwa mtu wa kanisa, na hakujua lolote la kanisa hili wala la ng'ambo. Marehemu alimaliza darasa la nane katika shule ya kijiji hiki mwaka 1963, akabatizwa mtoni Jumapili ya tarehe 5 Aprili 1964, kisha akajiunga na chuo cha uhazili mjini mwaka 1966, akahitimu mwishoni mwa mwaka 1967 akiwa na uwezo wa kupiga chapa maneno sitini kwa dakika bila kuangalia vidole.

Tarehe 8 Januari 1968 aliajiriwa katika ofisi ya upimaji ardhi, chumba cha mwisho kwenye ukumbi mrefu, chenye dirisha moja na taipureta mbili, na hapo ndipo alipopata jina lake, kwa sababu kila barua aliipiga kwa kaboni mbili, akasema nakala ya kwanza ni ya mwenyewe, ya pili ni ya jalada, na ya tatu ni ya siku mtakapozipoteza hizo mbili. Alikuwa mkali wa herufi, mkubwa wa ofisi akiandika vibaya alirudishiwa karatasi yake kwa heshima zote na duara la penseli, na wenzake waliopo hapa ni mashahidi kwamba hata barua za mapenzi za vijana wa ofisini zilipita mezani kwake kusahihishwa kabla hazijatumwa.

Jumamosi ya tarehe 14 Desemba 1974 alifunga ndoa katika kanisa hili na mpima ardhi wa ofisi hiyo hiyo, ambaye alikiri mwenyewe kwamba alianza kukosea vipimo makusudi ili aitwe chumba cha mwisho kurekebisha. Walijaliwa watoto wanne, wa kwanza mwaka 1976, wa pili mwaka 1978, mimi mwaka 1981, na kitinda mimba mwaka 1986, na baba yetu alifariki tarehe 11 Mei 2006, Mungu amrehemu. Katika harusi ile kaka wa marehemu alimshika mkono kutoka nyumbani mpaka kwenye mlango huu, akamkabidhi kwa baba yao mdogo, akabaki nje, na ninapaswa sasa kueleza ni kwa nini, ingawa wazee wa hapa mnajua.

Mwaka 1971 kitabu cha zamani cha washirika wa kanisa hili kilikuwa kimeanza kuliwa na mchwa, na wazee wakamwomba marehemu, akiwa na miaka ishirini na mitatu na mashine karibu naye, akipige chapa upya. Alifanya kazi hiyo mwezi mzima wa Juni, baada ya saa za ofisi, akaona kuwaandika watu wote kwa mfululizo ni fujo, akawapanga kwa vichwa, Waliohama, Waliolala, na Waliotengwa, na katika kurasa za mwaka 1945 akakuta jina la mama yake mzazi, na mbele yake katibu wa zamani ameandika "Ametengwa", kisha herufi tatu ndogo, "k.k.B." Marehemu alidhani herufi hizo ni sahihi ya katibu, na sahihi haipigwi chapa, akaziacha. Alituambia kwamba alikaa mbele ya mashine kwa muda mrefu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mama yake alifukuzwa ushirika, na shetani alimshauri aliruke jina hilo tu, nani angejua, lakini aliona kwamba mtu wa haki hamfichi hata mama yake, akalipiga chapa pamoja na walevi na wagomvi wa miaka ile, nakala tatu.

Tarehe 18 Septemba 1971 kikao cha kanisa kilikaa kuchagua mashemasi, na kaka yake, ambaye ndiye mjomba wetu, fundi seremala kama baba yao, kijana aliyechonga mimbari hii ninayoiegemea, alipendekezwa na watu wengi. Mzee mmoja akataka nyumba za wapendekezwa zitazamwe kwenye orodha mpya, orodha ikasomwa, na jina la bibi likasikika chini ya Waliotengwa mbele ya kanisa zima. Wazee waliokuwepo mwaka 1945 walikuwa wamebaki watatu, mmoja alikuwa kiziwi, wa pili alikuwa amehamia kwa mwanawe mbali, na wa tatu alisema hakumbuki vizuri, ila kama kitabu kimesema basi kimesema. Mjomba aliulizwa ana neno gani, akasimama, akamtazama mdogo wake aliyekuwa amekaa upande wa kina mama, akasema, "Umemfukuza mama kwa vidole vyako," akatoka, na toka siku ile hadi leo, miaka hamsini na mitatu na ushee, hajaingia tena kwenye jengo hili. Hakugombana na dada yake, naomba hilo lieleweke, alitutengenezea vitanda vyetu vyote, alikuja kwa kila mgonjwa na kila msiba, ila ibada za maziko alizisikilizia nje, na jina la bibi halikutajwa tena kati yao.

Marehemu alistaafu mwanzoni mwa mwaka 2003, na mwaka 2009 alianza kutafuta tarehe yake ya kuzaliwa, akisema amechoka kushiriki siku moja na watu kumi na saba wa ofisi yake, ambao wote, kwa maajabu ya mwandikishaji, walizaliwa tarehe moja Januari. Karani mmoja alimwambia alete cheti cha ubatizo wa utotoni, naye akamjibu, "Mwanangu, sisi Wabaptisti tunaingia majini kwa miguu yetu wenyewe, hakuna anayetubeba," akarudi nyumbani mikono mitupu, lakini hakukata tamaa. Alizunguka makanisa ya vijijini, moja baada ya jingine, akiwa na miwani miwili, kitambaa cha vumbi na daftari, akasoma vitabu vya washirika, barua za uhamisho, kumbukumbu za vikao vilivyojadili paa mwaka mzima, na popote alipokuta ukurasa unaoharibika aliunakili na kuwaachia nakala, tukawa tunamtania kwamba anawajua marehemu wengi kuliko walio hai.

Siku ya Jumatano, tarehe 17 Julai 2019, tulivuka mto yeye na mimi, mtunza kanisa wa kule akatufungulia sanduku la bati lililokuwa chumba cha nyuma, chini ya rafu ya vikombe vya meza ya Bwana, na ndani yake tulikuta daftari la watoto walioletwa mbele za kanisa kuombewa. Humo iliandikwa kwamba Jumapili ya tarehe 9 Novemba 1947 aliletwa mtoto wa kike wa fundi seremala, mwenye umri wa siku kumi na tisa, nikapiga hesabu palepale, na mama yangu akacheka kwa furaha akasema kumbe mwajiri wake alimtumikisha zaidi ya miezi miwili ya bure. Alikuta pia kwamba mwaka 1951 bibi alisimamishwa ushirika kwa miezi mitatu kwa kosa la kuwajibu wazee katika kikao, akaniagiza hilo nalo lisomwe, kwa kuwa hakutaka tumfanye mtu malaika.

Chini kabisa ya sanduku ilikuwapo barua kutoka kanisa hili kwenda kanisa la kule, ya mwaka 1945, kwa mkono wa yule yule katibu wa zamani, ambaye humo hakubana wino, na zile herufi tatu alikuwa ameziandika kwa urefu wake. Marehemu aliisoma mara moja, akakaa juu ya sanduku, akaweka mikono mapajani, akasema, "Ni mimi. Siyo katibu, siyo wazee. Ni mimi," akalia, na mimi ambaye sikuwahi kumwona akilia hata siku ya baba, nilitoka nje kwa aibu ya kutojua la kufanya.

Alikwenda kwa kaka yake mara tatu na barua hiyo. Mara ya kwanza mjomba alimwambia, "Mdogo wangu, mimi na vitabu vya kanisa tulishamalizana mwaka sabini na moja, ukitaka chai karibu, ukitaka kusoma kasome kwako," mara ya pili alimkaribisha chai kabla hajafungua mkoba, na mara ya tatu aliwasha msumeno.

Mwezi Agosti 2022 marehemu alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, akagundulika kwamba moyo wake umechoka kusukuma damu, akatibiwa hospitali ya wilaya na baadaye hospitali kubwa ya mjini. Kila Jumanne mjomba alifika wodini na matunda, wakazungumza habari za wajukuu na mbao, na barua ilikuwa chini ya mto saa hiyo yote, lakini marehemu hakuitoa, aliniambia anaogopa kuipoteza na hiyo Jumanne. Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Machi 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na miaka sabini na saba, miezi minne na siku kumi na tatu, na ameacha watoto wanne, wajukuu tisa, na kaka mmoja.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kina mama, hasa muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyemvumilia akisahihisha tahajia ya faili lake, nawashukuru majirani ambao hawakuacha nyumba yetu hata siku moja bila mtu, nawashukuru wafanyakazi wenzake wa ofisi ya upimaji, na watunza vitabu wa makanisa yote aliyoyasumbua.

Kuna agizo moja limebaki. Marehemu alisema kwamba mtu anaweza kukimbia mazungumzo, anaweza kukimbia barua, ila mstaarabu hakimbii msiba kabla haujaisha, na nimemwomba fundi wa vipaza sauti akiongeze kile cha nje. Nasoma barua ile kama ilivyoandikwa.

"Kumbukumbu ya kikao cha kanisa, Jumamosi, tarehe 13 Oktoba 1945, waliohudhuria thelathini na mmoja. Jambo la nne. Dada yetu, mke wa fundi seremala, kanisa limeona kipawa chake cha kufundisha, limekubali kwa sauti moja kwamba atengwe kwa kazi ya Bwana, aende ng'ambo ya mto na mume wake na mtoto wao, awekewe mikono kesho, apewe barua hii. Kanisa lina huzuni kumkosa na lina furaha kumtoa. Mtoto wao wa kiume alitolewa nje mara mbili kwa ajili ya kelele, akarudishwa."

Na haya ni maneno ya marehemu, alinisomea nikaandika, tarehe 20 Februari mwaka huu. "Kaka, mama hakufukuzwa, mama alitumwa, na kanisa zima lilimlilia. Aliyemfukuza ni mimi, kwa herufi tatu nilizoziona na nisiulize. Nimekunyang'anya mama na nimekunyang'anya kanisa, na wewe ukanichongea vitanda vya watoto wangu. Nisamehe. Mara mbili ulitolewa ukarudishwa, mara ya tatu ulitoka mwenyewe. Ingia ndani, usinizike ukiwa nje."

Ndugu waombolezaji, nilikuwa nimebakiza mstari mmoja tu, lakini naomba nisimame kidogo. Ninyi mliokaa kwenye njia pale mlangoni, tafadhali sogezeni miguu, mpisheni apite. Taratibu, mjomba, hapo kuna ngazi.

Mama, kaka yako yuko ndani. Pumzika kwa amani.