Bustani Juu ya Kichwa cha Mama

Benchi la kijiweni liko kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, na siku hiyo mvua iliwabana hapo watu watatu na birika moja la kahawa. Katikati alikaa fundi bomba wanayemwita Koki, macho yameganda ng'ambo ya barabara, kwenye nyumba ya mama yake. Juu ya paa lake la zege kulikuwa na bustani ya majani na maua, waliyoipanda wao watatu wakati wa kiangazi ili vyumba vipate kupoa. Mtaa mzima ulikuja kuishangaa. Sasa imekuja mvua kubwa ya kwanza, na asubuhi Koki ameona ufa mpya kwenye dari, juu kabisa ya kitanda cha mama. Mama kagoma kuhama. Kasema kama paa ni kazi ya mwanawe, yeye analala.

Koki aliogopa, na aliona haya kusema anaogopa. Akazunguka mbuyu.

— Hivi udongo ukilowa, si unakuwa mzito?

Injinia, ambaye jina hilo alilipata kwa kulinda stoo ya saruji, alicheka kidogo.

— Zege linaogopa udongo? Ule ufa ni paa linajinyoosha tu. Wewe ukikaa sana hujinyooshi?

Redio, kinyozi asiyejua kunyamaza, akaona hiyo haitoshi. Akaeleza kwamba mizizi, ikishakunywa, huvuta kila kitu kwenda juu, kwa hiyo nyumba ile leo ni nyepesi kuliko ilivyokuwa jana. Injinia hakukubali kupitwa. Akaapa kwamba udongo uliolowa hushikana ukawa zege la pili, na kadiri mvua inavyonyesha ndivyo mama anavyozidi kuwa salama.

— Wewe ungelala pale? Koki akamuuliza.

— Mimi nina kitanda changu kwangu, ndugu yangu.

Injinia akaangalia ndani ya kikombe chake. Ndipo wakaanza kutupiana lawama: nani alizidisha udongo, nani alitaka maua makubwa, nani alileta ile nailoni nyeusi ya kutandika chini. Nailoni ilikuwa ya Koki, na hapo akapandisha sauti.

— Maisha yangu yote naitwa kuziba maji yanayovuja. Nailoni ile nimeitandika kwa mikono yangu, ukuta hadi ukuta. Pale halipiti hata tone.

— Hapo umesema kweli, Redio akakubali. Halipiti.

Akaingia dada mmoja, mtoto mgongoni, kajitanda kanga iliyolowa chapachapa. Akawaamkia, wakasogea pembeni akae. Hakuwa mtu wa mtaa ule. Akawa anatazama mvua kama mtu asiye na haraka, nyumba moja baada ya nyingine, na kila nyumba ilikuwa inamwaga maji mtaroni kwa bomba lake la ukutani, mengine yakiruka hadi barabarani.

— Samahani kaka zangu. Ile yenye bustani, maji yake yanatokea wapi?

Wakatazama wote. Bomba la nyumba ya mama lilikuwa linaning'inia ukutani, halitoi kitu.

Injinia akamgeukia Koki, na Koki akamgeukia Injinia. Tundu la paa linalopeleka maji kwenye bomba lilikuwa chini ya nailoni, na nailoni ilitakiwa kukatwa pale, mwisho kabisa, kazi ikishaisha. Koki aliyaacha hayo kwa Injinia, kwa kuwa ndiye aliyebaki juu kusawazisha udongo. Injinia aliyaacha kwa Koki, kwa kuwa ndiye fundi bomba. Maji yote ya tangu alfajiri yalikuwa yamekaa juu pale.

Koki hakuaga. Alivuka barabara mbio, kandambili moja ikabaki mtaroni, akagonga dirisha la mama kwa viganja vyote viwili.

— Mama, toka nje.

— Si ulisema paa ni zima?

— Nilikosea, mama. Nakuomba utoke.

Kisha akamsikia anajikokota, anatafuta viatu.