Asubuhi ya Tatu bila Mzee Ratiba

Pale Bugarama, barabara ya malori ya mgodini inapokutana na uchochoro unaoshuka kwenye makarasha ya kusagia mawe, kuna ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, na mbele yake birika la kahawa la Mama Noela huanza kuchemka kabla jua halijatoka. Ubao huo una wenyewe wanne. Kushoto hukaa Ndaki, fundi baiskeli asiye na mke wala mtoto mjini humo. Katikati hukaa Bujiku, aitwaye Tochi kwa miaka yake tisa ya kumulika maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, bila kuona cha maana. Na ubavuni pake Kamili, dalali wa dhahabu, waliyembatiza Profesa kwa kuwa hakuna jambo asilolijua. Ncha ya kulia ni ya Mzee Ratiba. Leo ilikuwa asubuhi ya tatu ncha hiyo kukaa wazi.

Ndaki aliwaamkia kwa Kisukuma, “Mwangaluka,” na sauti ikamtoka ikikwaruza, maana hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu jana magharibi. Usiku kucha alikuwa akimfikiria mzee. Mara ya mwisho kumwona, kikombe kilimtetemeka mkononi hata kahawa ikammwagikia magotini, naye akasema ni mafua tu ya vumbi. Lakini kijiweni swali zito huingia kwa mlango wa mzaha, kwa hiyo Ndaki aliuliza tu kama ratiba sasa imevunjika.

Wakacheka. Ratiba ile waliijua kama sala. Saa kumi kamili, macho. Glasi mbili za maji. Kufagia uwanja, kurasa kumi za kitabu, hesabu tano, kunyoosha viungo, kisha kijiweni saa kumi na mbili na robo, dakika haizidi. Mzee aliwahi kuchimba mgodini, chini kabisa ya ardhi, kwa mkataba. Mkataba ulipoisha, akaapa kumaliza sekondari kabla ya kutimiza miaka sitini, na mtihani wake ulikuwa Novemba. Kila asubuhi aliwafungulia daftari awaonyeshe alikofika. Ndaki, bila kumwambia mtu, aliinakili ratiba hiyo na kuifuata. Ilimsaidia kuamka. Haikumsaidia kupata wa kumwambia kwamba ameamka.

Tochi alishikilia kwamba mzee ameacha kahawa. Kuna mtu kwenye simu, alisema, anayefundisha kwamba mwenye malengo hunywa maji ya moto yenye ndimu na kitunguu saumu, tena peke yake, akiwa amesimama. Mama Noela akamuuliza kama huyo wa kwenye simu ndiye atakayemlipia mkaa wa birika. Tochi akamjibu kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hakuna aliyeona uhusiano, wala hakuna aliyepinga.

Profesa alisubiri wanyamaze, kama afanyavyo akiwa na mzani mkononi.

— Nyie mnahesabu siku, mimi nahesabu saa, alisema. Mzee anatuzidi saa mbili kila alfajiri. Kwa miaka mitatu. Piga hesabu.

— Piga wewe, Profesa, alisema Tochi.

— Miezi mitatu kamili. Huyo mtu ametutangulia miezi mitatu. Sisi tuko Agosti, yeye yuko Novemba, yumo kwenye chumba cha mtihani na kalamu mkononi. Mtamwonaje hapa?

Tochi alicheka mpaka akakohoa. Mama Noela akasema basi akirudi awaletee bei ya mahindi ya huko. Ndaki naye alicheka, huku akijiwazia yeye mwenyewe akikosekana siku ya tatu, na Profesa akimtafutia mwezi wa kumweka.

Ndipo ilipofika bodaboda iliyojaa vumbi, akashuka mwanamke kijana mwenye mkoba mzito na kitenge kilichokunjamana kwa safari. Akasema, “Shikamooni.” Wakaitikia marahaba, na Profesa akamkaribisha kahawa kwa methali yake, kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Hakuketi. Alitoa simu, akawaonyesha picha.

— Huyu si Mzee Ratiba? alisema Tochi, uso ukimchangamka. Huyu ni wetu kabisa, mwanangu.

Mwanamke akashusha pumzi, akaweka mkoba chini. Alisema yeye ni Evelina, bintiye, ametoka Ushirombo na basi la kwanza, kwa kuwa simu ya baba haipokelewi tangu Jumapili.

— Alihama chumba mwezi wa tano, alisema. Akaniambia nikija nisihangaike, niwaulize wenzake wa kijiweni, ninyi ndio ndugu zake huku. Basi nielekezeni. Anakaa wapi?

Mama Noela akamtazama Tochi, kwa kuwa alidhani Tochi anajua. Tochi akamtazama Profesa. Profesa akatazama ndani ya kikombe. Ndaki aliijua saa aliyoamka mzee, akajua glasi za maji, akajua kwamba alikuwa amefika ukurasa wa mia na arobaini na hesabu za sehemu zilikuwa zikimsumbua. Mlango wake hakuujua.

— Hata upande anaotokea? aliuliza Evelina, polepole.

Ndaki akanyoosha mkono kuelekea makarasha. Papo hapo Profesa akanyoosha wake kuelekea kanisani, upande wa kinyume kabisa.

Evelina aliitazama mikono ile miwili. Hakuwalaumu. Aliuinua mkoba wake, akaelekea nyumba iliyokuwa jirani zaidi, akabisha hodi. Ndaki akaiacha kahawa kwenye ubao, akavuka barabara ili aanze na nyumba za upande wa pili. Mlango wa kwanza ulifunguliwa na mama aliyebeba mtoto, akamuuliza anamtafuta nani.

Ikambidi Ndaki avuke tena barabara, akamwombe binti jina la baba yake.