Mama Magego na Chumba cha Meno ya Mbwa na Paka

Shangazi yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Magego, alizaliwa tarehe 14 Juni 1958 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa nne wa karani wa bohari. Kazi yake ya maisha aliianza akiwa na miaka tisa, siku babu alipotoka bafuni ameshika mswaki wake.

"Mbona huu una manyoya?"

"Ulikuwa kwa paka, baba. Lakini huwa nausuuza."

"Huwa? Tangu lini?"

"Tangu Jumapili."

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Babu alikuja kulicheka jambo hilo baada ya miaka miwili.

Alimaliza sekondari mwaka 1975 na kupata cheti cha afya ya mifugo mwaka 1979. Chuoni, somo la meno ya wanyama lilikuwa ukurasa mmoja na nusu, nao ulihusu farasi. Hasira ya ukurasa ule haikumtoka hadi mwisho.

Tarehe 4 Februari 1980 aliajiriwa katika hospitali ya wanyama. Tuseme ukweli kuhusu siku zile. Mbwa alilinda nyumba miaka kumi, jino likaoza, akaacha kula, nasi tukasema amezeeka, tukamwitia sindano ya mwisho. Haukuwa uzee, ulikuwa uzembe wetu! Mwaka 1984 fundi cherehani mmoja alimleta mbwa wake wa namna hiyo, na fomu ya sindano ikatiwa saini. Marehemu aliomba amfungue mdomo kwanza. Gego la nyuma lilikuwa limeoza hadi kwenye mzizi. Mbwa akapigwa nusu kaputi, gego likang'olewa, na kesho yake akala chakula chake, cha paka, na kiatu kimoja cha fundi.

Daktari mkuu wa wakati huo alimpa stoo ya mafagio iwe chumba cha meno. Humo marehemu aliondoa ukoga, aling'oa magego, na kuwakanya watu wasiwapake wanyama dawa ya meno ya binadamu, kwa kuwa wao huimeza. Sharti lake lilikuwa moja: mwenye mnyama avingirishe kitambaa kidoleni na kumsugua fizi mbele yake, ndipo aruhusiwe kurudi nyumbani.

Sharti hilo ndilo lililomletea mume. Fundi saa mmoja, mtu wa mikono mitulivu kuliko wote mjini, alifika na paka wake mwaka 1986, akatazama ule mdomo, akazimia. Alipozinduka, marehemu alimwambia, "Paka mzima, kaka. Wewe ndiye umenitia wasiwasi." Akarudi kila wiki kujifunza. Paka alichoka, wao hawakuchoka. Walifunga ndoa tarehe 12 Septemba 1987, wakajaliwa binti wawili.

Mwaka 2021 figo zake zilianza kushindwa. Maumivu hakuyazungumzia sana, alizungumzia chumba. Uongozi wa hospitali ulikuwa umetamka kwamba akiondoka, chumba kitafungwa, kwa sababu hakuna mwingine anayeiweza kazi hiyo. Basi kwa miaka mitatu alimfundisha muuguzi aliyemsaidia chumbani humo, hata siku ambazo alifundisha ameketi. Tarehe 27 Februari 2024 muuguzi alipimwa mbele ya daktari mkuu wa sasa, kwa mbwa wa miaka kumi na mitatu mwenye meno manne mabovu. Marehemu alikuwa wodini, simu sikioni.

"Ufizi unatoa damu?"

"Kidogo, mama."

"Punguza haraka. Huchimbi kisima."

Baada ya saa moja na nusu, muuguzi alisema, "Yote manne yametoka. Mbwa ameamka, anatingisha mkia."

"Na wewe?"

"Mimi natingisha magoti, mama."

Wodi nzima ilimsikia marehemu akicheka. Barua ya kukubali chumba kiendelee ilifika tarehe 6 Machi. Alitaka isomwe mara tatu, na mara ya tatu alimsahihisha msomaji. Aliaga dunia Jumamosi, tarehe 9 Machi 2024, saa tisa alasiri, mumewe na binti zake wakiwa kando yake.

Ameacha mume, binti wawili, wakwe wawili, wajukuu watano, kaka mmoja, wapwa na mashemeji wengi, muuguzi aliyemwita mwanangu, paka wawili, na mbwa wa mtaa huu ambao wanatafuna bila maumivu. Mungu ampe pumziko jema. Muuguzi wake atafungua chumba Jumatatu saa mbili asubuhi. Wagonjwa watatu wameshaandikishwa, na mmoja anauma.