Siku Daktari Aliponiambia "Mama, Rudia Hapo"

Asalaam aleykum, wazazi wenzangu. Nashukuru mmenipa nafasi. Wengi mnanijua, nauza maziwa ya ngamia sokoni hapa Garissa. Darasani sijakaa hata siku moja, kwa hiyo nivumilieni na Kiswahili changu.

Binti yangu alikuwa na miaka saba shida ilipoanza. Mkono wa kulia unalegea, mdomo unakwenda upande, maneno hayatoki. Baada ya dakika chache anarudi sawa, anaomba kucheza. Majirani wakasema ni jini. Sheikh alimsomea, Mungu ambariki, kisha akaniambia, "Dua nimefanya. Sasa mpeleke hospitali." Zahanati moja wakasema ni kifafa, wakatupa dawa. Akameza miezi mingi, na mkono ukaendelea kulegea.

Ndugu zangu, hapo nilichoka. Nililia mpaka nikaona aibu kulia. Halafu nikaanza kumtazama mtoto wangu vile natazama ngamia mgonjwa: amekula nini, amefanya nini, kabla ya kuanguka. Nikaona jambo. Akipuliza chai ya moto, kikombe kinamponyoka. Akilia kwa kwikwi, mkono unalala. Akitulia, hakuna kitu. Mume wangu alinicheka. "Chai inamwangushaje mtu?"

Tukarudi kwa daktari, safari hii kijana mmoja aliyehamishiwa Garissa kutoka bara. Alikuwa anaandika kichwa chini. Nikamwambia habari ya chai. Kalamu ikasimama.

"Mama, rudia hapo."

Nikarudia. Akauliza, "Nani amekwambia haya?"

"Hakuna. Nimeona mwenyewe."

Wallahi, yule kijana alisimama. Akasema mtoto akipumua kwa nguvu, mishipa ya ubongo hujibana, na kama tayari ni myembamba, damu haitoshi. Tukatumwa Nairobi kupigwa picha ya ubongo. Ugonjwa una jina la Kijapani, moyamoya. Mishipa mikubwa inaziba kidogo kidogo, na vimishipa vidogo vinaota kando, kwenye picha vinaonekana kama moshi.

Daktari wa upasuaji alitueleza: watachukua mshipa unaolisha ngozi ya kichwa, waulaze juu ya ubongo, nao utaota matawi na kupeleka damu. Alisema zamani watoto wengi walikosa nafasi hiyo kwa sababu hakuna aliyejua wanaumwa nini.

Mama mkwe akakataa. "Kichwa cha mtoto si debe la kufungua na kufunga!"

Nikamwambia, "Hooyo, mama yangu, tukingoja, safari moja mkono hautarudi." Akaenda kufunga mizigo yake, akasema hatuendi bila yeye.

Upasuaji ulichukua saa nyingi. Mwaka uliofuata picha ilionyesha matawi yameota. Alhamdulillahi! Leo binti yangu yuko darasa la sita, anaandika kwa mkono ule ule. Unachoka akiandika sana, sitawaficha. Lakini haujalala tena.

Madaktari wanaotafiti ugonjwa huu waliniomba niwaeleze yote niliyoyaona. Mimi, mwuza maziwa, nikasimama mbele ya watu wa makoti meupe, nao wakaandika maneno yangu. Mume wangu alikaa nyuma. Safari hii hakucheka.

Namshukuru sheikh, yule daktari kijana, waliompasua binti yangu, na mama mkwe aliyelala sakafuni hospitalini bila kulalamika. Nawaambia, ukimpeleka mtoto, usiseme tu "anaumwa". Sema umeona nini, hata kama utachekwa.

Mwezi uliopita mama mmoja wa Ijara alifika kliniki na mtoto anayelegea mguu. Muuguzi akamuuliza kwanza kabisa, "Huwa anafanya nini kabla?" Mtoto akapigwa picha wiki ile ile, kabla ubongo haujaumia. Mama huyo amekaa mstari wa pili. Dada, simama, nawe uwaambie.