Historia ya Mama Cicily Karwirwa Ngari, na Keki Iliyokataa Kuoza

Watumishi wa Mungu, wazee wetu, ndugu wa Kiirua mlioacha baridi yenu alfajiri ili mfike hapa Gachoka kwenye jua, majirani na marafiki, kwa niaba ya familia nawasalimu. Mimi ni Gatwiri, kifungua mimba wa marehemu, na nimepewa kazi ya kusoma historia hii kwa sababu ndugu zangu wanasema ninauliza maswali mengi kuliko wao wote wakiwekwa pamoja, jambo ambalo sikatai, kwa maana kazi yangu huko Meru ni kupima maziwa kabla hayajapokelewa, yaani nalipwa mshahara kuuliza kwa nini kitu kimeharibika. Leo swali langu ni kinyume cha hilo, na mnisamehe nikichelewesha chakula. Jikoni kwa Mama, kwenye uchaga ulio juu ya mafiga, kuna keki aliyoioka Januari mwaka huu, na ameondoka bila kutuambia ni ya nani, ingawa Mama yetu hakuwahi maishani mwake kuoka keki isiyo na mwenyewe.

Marehemu Cicily Karwirwa alizaliwa tarehe 2 Februari 1951 huko Kiirua, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Mutwiri na marehemu mama Kiende, wakulima wa viazi na ngano, katika nyumba ambayo mlango ukifunguliwa asubuhi ukungu ndio huwa mgeni wa kwanza. Alisoma shule ya msingi hapo nyumbani hadi mwaka 1965, kisha akaenda shule ya wasichana ya misheni kwa miaka miwili, na huko ndiko mwalimu wa upishi alikowafundisha ile keki ya matunda ya zamani, nyeusi, nzito, yenye mdalasini, karafuu, kungumanga na sukari iliyounguzwa, ambayo huokwa miezi mingi kabla ya sherehe na kufunikwa aisingi, ile sukari nyeupe ya juu, siku yake ikifika. Kitabu cha mwalimu kilidai lozi na brandi, lakini lozi hazikupatikana, na kuhusu brandi, mzee Mutwiri alikuwa mzee wa kanisa, kwa hivyo Mama akajizoeza kuinywesha keki yake chai ya rangi iliyokolea asali. Keki ya namna hiyo hunyweshwa kweli, unaitoboa juu kwa sindano ya kufumia, unadondoshea kijiko kimoja kimoja, unaifunga tena kwa karatasi, unairudisha kwenye mkebe wake, na baada ya wiki kadhaa unaiuliza tena kama ina kiu.

Mwezi wa Januari 1973 aliajiriwa kuwa mpishi katika shule moja ya bweni mjini Embu, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu mwaka 2006, na mara tu alipofika upande huu lozi zikawa makadamia, na yale matunda ya ng'ambo yakawa maembe ya Mbeere yaliyoanikwa mpaka yakawa kama ngozi. Oveni hakuwa nayo, alioka ndani ya sufuria kubwa iliyotandikwa mchanga, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, na mtu akimuuliza anajuaje kwamba imeiva, alisema keki mbichi hupiga kelele na iliyoiva hunyamaza. Nimeisikiliza mara nyingi, na kweli hunong'ona kabla ya kuiva, nendeni mkajaribu.

Ilikuwa katika shule hiyo ambapo fundi wa mashine za kusaga kutoka Gachoka aliitwa kutengeneza mashine moja, akaitengeneza, kisha mashine hiyo ikaanza kuharibika kila baada ya majuma mawili kwa njia ambayo wapishi wote waliielewa isipokuwa mwalimu mkuu. Fundi huyo ni baba yetu, marehemu Ngari, na tarehe 13 Desemba 1975 walifunga ndoa hapa Gachoka, na bibi harusi akajiokea keki yake mwenyewe ya ghorofa tatu. Ya chini ililiwa na wageni, ya kati ikapelekwa Kiirua kwa wazazi wake, na ile ndogo ya juu ikawekwa ndani ya mkebe, kwenye uchaga wa jikoni, kungoja ubatizo wa mtoto wa kwanza, bila aisingi, kwa sababu Mama alikuwa na sheria yake kwamba aisingi haiwekwi kabla mwenye keki hajajulikana, yeye na siku yake.

Mtoto hakuja, mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, na mama mkwe wake, nyanya yetu cucu Gatwiri, ambaye mimi nimebeba jina lake na kwa hivyo nikimlaumu ninajilaumu mwenyewe, akaanza kumtafutia Baba mke wa pili. Msichana alikuwa karibu, Wambeti, binti wa jirani yetu mfuga nyuki, mwenye mikono ya kazi, na cucu akamzoesha boma kwa kumwita katikati ya wiki aje kuteka maji na kufagia, siku ambazo Mama yuko kazini Embu. Baba, kama mnavyomkumbuka, alikuwa mtu wa kunyamaza, na katika jambo hili alinyamaza kupita kiasi, na nalisema hilo nikiwa nampenda. Mama aliporudi Jumamosi moja akaambiwa, hakulia mbele ya mtu, aliomba tu apewe muda mpaka keki ya mtoto iharibike, na cucu akakubali mbele ya wazee wawili kwamba siku keki itakapoota ukungu, siku hiyo wataenda kwa kina Wambeti kumposa. Alikubali upesi kwa sababu chakula alichokijua yeye ni githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, na githeri ya Gachoka haivuki siku mbili, sasa keki ya mayai na siagi angeihesabia nini zaidi ya msimu mmoja wa mvua.

Hapo ndipo mimi, mtu wa maabara, huanza kuwashwa. Chai na asali zinaweza kuilinda keki Kiirua kwenye baridi, lakini katika joto la hapa, kwa ujuzi wangu, chai ingeiletea ukungu mapema, na Mama mwenyewe alituambia kwamba kuanzia mwaka wa tatu aliogopa kuufungua ule mkebe, akaacha kuinywesha kabisa, akawa anaushika tu kila Jumamosi na kuurudisha. Aliyeufungua ni cucu, kila siku ya soko, akitafuta ukungu kwa macho, maana pua yake ilikuwa imekufa zamani kwa ugoro, na kila mara alisema bado. Angeweza kusema uongo na hakusema, na mwanamke huyo mkali lazima apewe heshima yake hapa mbele yenu.

Nilizaliwa tarehe 6 Aprili 1983, akanifuata ndugu yangu Ndambiri mwaka 1985, na kitindamimba wetu Kiende mwaka 1988. Jumapili tarehe 18 Desemba 1983 nilibatizwa, na siku moja kabla yake Mama akaufungua mkebe ili aweke aisingi, akakuta keki nyororo, nyeusi, nzima kabisa, na harufu ya muratina, pombe ya asali, ikajaa nyumba yote. Mama hakuwa amewahi kuweka pombe ndani ya keki, aliitoa nje, akaigeuza, na chini yake akaona mashimo ambayo hakuyatoboa yeye, manene kuliko ya sindano, ya mwiba wa mgunga. Aliifunika kwa aisingi asubuhi ile hivyo hivyo, na padre akala vipande viwili akasema asali ya Mbeere ina nguvu, na hakuna aliyembishia.

Basi ni nani aliyeinywesha? Mama aliamini kwa miaka ishirini kwamba ni cucu mwenyewe, kwamba yule mzee alikuwa na ulimi mkali mchana na moyo mwingine akiwa peke yake jikoni, na kwa imani hiyo alimpenda, akamuuguza, akamwogesha, mpaka mwaka 2004 cucu alipokuwa karibu kufariki Mama akamshika mkono akamshukuru kwa ajili ya keki. Cucu alicheka mpaka akakohoa, akasema yeye aliutikisa mkebe ule kila wiki akiomba uoze. Mama alitoka nje akakaa kwenye kiti, kisha akacheka pia, akarudi kumwogesha kama kawaida. Lakini tangu siku hiyo alikuwa na deni la shukrani asilojua alipe wapi, na lilimsumbua, nililiona likimsumbua, alikuwa akikoroga unga anasimama ghafla kijiko mkononi.

Mwaka 2022 Mama alipatikana na ugonjwa wa moyo, akatibiwa Embu na baadaye Meru, akaendelea kuokea watu keki za harusi akiwa ameketi kwenye kigoda. Januari mwaka huu tulisikia kwamba Wambeti, aliyeolewa mwaka 1984 bila sherehe yoyote na kuhamia Rumuruti na mume wake, amefiwa na mume huyo, na sasa anajengewa nyumba na kaka yake hapa Gachoka ili arudi. Wiki hiyo hiyo Mama akaoka keki ndogo, kisha akamtuma Ndambiri muratina, na kama mnataka kuona mtu akichanganyikiwa mngemwona Ndambiri akitumwa pombe na mama aliyekuwa mlezi wa vijana kanisani. Aliinywesha keki kwa muratina, akaiweka ndani ya mkebe ule ule wa zamani, kwenye uchaga ule ule, na mwezi wa Machi nilipomchukua kwenda kwangu Kinoru, mjini Meru, awe karibu na hospitali, alimwachia Kiende kazi ya kuitazama. Wambeti alirudi Aprili, hawakuonana. Tulimwuliza Mama keki ni ya nani, Ndambiri akitumaini kwamba ni ya harusi yake, ambayo sisi wote bado tunaingoja, na Mama akajibu kwamba mwenyewe akiingia jikoni tutamjua, ila tusimwulize kitu, kwa sababu ukimwuliza mtu kama alikutendea wema anaweza kukubali wema usio wake, au akaukana ulio wake.

Hali yake ilibadilika mwanzoni mwa Septemba, akalazwa, na Alhamisi tarehe 11 Septemba 2025, saa kumi na moja asubuhi, Mama akalala, mimi na Kiende tukiwa tumemshika mikono.

Jumatatu iliyofuata, mchana, akina mama wa hapa walikuja kutusaidia kupika chai, na miongoni mwao alikuwa mwanamke mmoja mrefu ambaye mimi sikumjua, aliyevaa leso ya kijani. Alitafuta sukari, akainua macho kwenye uchaga, akasimama. Kisha akauteremsha mkebe bila kuomba ruhusa, akaufungua, akanusa, na mbele ya macho yangu akaigeuza keki chini juu, akapitisha kidole mahali ambapo mtu mwingine hangetafuta kitu. Mimi ninayeuliza kila mtu kila kitu nilikumbuka amri ya Mama, nikanyamaza, na yeye akaongea mwenyewe, akiwa bado ameishika. Ruhusa ya kuyasoma maneno yake amenipa. Alisema: "Hiyo keki ya kwanza ingeoza, ni mimi ningeletwa hapa. Na mimi nilikuwa na mtu wangu. Kwa hivyo nilikuwa natoa muratina kidogo kwa kibuyu ya baba, naiweka hapa chini ndio Karwirwa asione. Mwanzo nilikuwa najifanyia mimi. Lakini Jumamosi moja nilimwona kwa dirisha akishika huo mkebe, hafungui, anashika tu, nikaanza kumfanyia yeye." Nililia kwa nguvu, na nilikuwa na furaha, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Kwa hivyo swali langu limejibiwa, na nimesimama hapa nikijua kwamba nipo kwa neema ya Mungu, kwa subira ya Mama, kwa ukweli wa cucu, na kwa msichana aliyeiba pombe ya baba yake kwa vijiko. Jana mimi na Kiende tulipiga mayai na sukari na ndimu kama tulivyofundishwa, tukaifunika keki ile kwa aisingi, haikunyooka kama ya Mama, upande mmoja umelalia, lakini imekauka, na juu yake tumeandika jina. Mama Wambeti, wewe hukuwahi kukatiwa keki ya harusi, na Mama alilijua hilo, tunakuomba baada ya ibada uichukue kwa mikono yako.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Embu na Meru waliomtibu Mama na kuvumilia maswali yangu, inawashukuru walimu na wapishi aliofanya nao kazi, ambao wameleta sufuria ile ya mchanga tuione kwa mara ya mwisho, inawashukuru ndugu wa Kiirua kwa viazi na kwa nyimbo, kanisa kwa maombi, na majirani wa Gachoka ambao hawajatuacha tupike wala tulale peke yetu tangu msiba ulipotupata. Marehemu ameacha watoto watatu, wajukuu wanne na dada mmoja.

Mama, hatukumwuliza kitu. Aliingia jikoni mwenyewe, akaigeuza. Pumzika kwa amani.